Kilichofukuliwa Ibadakuli

Mtu aliyetaka kugombana na Coletha hakuhitaji kumtukana wala kumpunja kwenye mizani. Ilitosha kusema kwamba kile kipindi chake cha Jumapili ni maigizo. Hapo angekusimamisha njiani hata kama umebeba ndoo kichwani, akueleze hoja moja baada ya nyingine mpaka shingo ikuume, na mwisho ungekubali tu ili upate kwenda zako.

Kipindi chenyewe kiliitwa Chuma Kimeamka. Saa kumi alasiri, vikundi viwili vya mafundi vinaingizwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, mikono mitupu, na kuambiwa watengeneze mashine kwa siku tatu. Leo pampu ya maji, wiki ijayo mashine ya kukamua alizeti. Kila kitu lazima kitoke kwenye lundo la skrepa. Na kila wiki, mafundi wakishakata tamaa, wakishafuta jasho na kutazama saa, mmoja wao angeinua bati lenye kutu na kupiga ukelele: injini ile pale! Coletha naye angepiga ukelele kule kwake, karibu na Segese, mpaka kuku watoke chini ya kochi.

"Mama," binti yake Loveness alikuwa akimwambia kila akija kutoka Kahama, ambako alikuwa mwalimu, "injini nzima inalalaje kwenye skrepa, tena na mkanda mpya? Hayo mambo yanapangwa."

"Wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma vyuma," Coletha alimjibu. "Chuma kinalala popote. Nyamaza nitazame."

Na kweli vyuma alivijua. Mumewe alimwachia karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kwa miaka kumi na mmoja wachimbaji walipanga viroba vyao mlangoni kwake. Alikuwa mama mwenye sauti, mwenye heshima kanisani, mwenye televisheni kubwa kuliko zote kitongojini. Ndiyo maana Jumapili ile ya mwezi wa kumi sebule yake ilijaa. Hata Mwigulu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alikuwa amekaa kwenye kochi la mbele na fimbo yake katikati ya magoti.

Siku hiyo kipindi kilitoka Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege wa Shinyanga, na watu walifurahi kuona kwao kumefika kwenye televisheni. Kikundi cha fulana nyekundu kilikuwa kimekwama. Kilikuwa na injini, kilikuwa na ngoma ya kusagia, kimekosa gia boksi. Kiongozi wao, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alijishika kichwa. Mtangazaji akanong'ona kwamba zimebaki saa chache. Kisha yule kijana akaona kabini ya lori iliyolala kifudifudi, akaiinua kwa wenzo, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono.

Akatoa gia boksi. Akaifuta kwa fulana yake, akalia machozi, na kamera ikasogea karibu kabisa.

Coletha alisimama. Kikombe cha chai kilimwagika mapajani mwake na hakuhisi kitu. Kwenye mfuniko wa ile gia boksi palikuwa na alama ya kuchomelea, mistari miwili na ndoano. Hiyo ilikuwa chapa ya ng'ombe wa marehemu baba yake, na nchi nzima hii hapakuwa na gia boksi nyingine yenye chapa ile.

"Mayu wane!" alisema, akimlilia mama yake kwa Kisukuma. "Ni yangu! Ile ni yangu!"

Sebule nzima ililipuka. Waliokuwa wamekaa walisimama, waliokuwa wamesimama walisogelea kioo, na mtu mmoja akasema jina ambalo halikutajwa mbele za watu kwa miezi minane. Masele.

Masele alikuwa fundi wa karasha ile kwa miaka tisa. Yeye ndiye aliyeichomelea chapa ile kwa mkono wake, Coletha amesimama pembeni akimchorea mchangani. Mwezi wa pili mama yake mzazi, bibi Mageni, alizidiwa, na Masele akaomba ruhusa ampeleke hospitali huko Bukombe. Kabla ya kuondoka alifungua gia boksi na kwenda kuificha. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Mafundi wa karasha ndivyo wanavyofanya wakisafiri, na hawamwambii hata tajiri mahali walipoificha, maana tajiri akijua ataleta fundi mwingine, na fundi mwingine ataua mashine.

Aliporudi baada ya siku tisa, gia boksi haikuwepo. Alimwambia Coletha, na baadaye akaliambia baraza la sungusungu, maneno yale yale: "Niliifunga kwenye turubai, nikaifukia ndani ya marudio."

Marudio ni ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu ya kwanza kuoshwa. Bado una dhahabu ndani yake, na wenye mitambo ya kuchenjua huja kuununua kwa malori. Lundo la Coletha lilikuwa limekua kwa mwaka mzima likawa kubwa kuliko nyumba, na lilikuwa mahali pazuri pa kuficha kitu, kwa kuwa hakuna anayethubutu kugusa marudio ya mwenzake. Lakini Masele aliporudi lundo halikuwepo. Coletha alikuwa ameliuza.

Hapa lazima isemwe wazi, ingawa Coletha mwenyewe hakupenda isemwe hivyo. Fundi ana fungu lake katika marudio. Ndiyo desturi ya karasha zote. Na Coletha aliliuza lundo lile siku ya tatu baada ya Masele kuondoka, haraka haraka, kwa mnunuzi aliyetoka upande wa Geita, kwa sababu aliona fundi akiwa mbali hakutakuwa na mjadala wa fungu. Alijiambia atamfikiria akirudi. Akirudi! Watu wangapi tumewaweka kwenye hiyo akirudi.

Basi Masele aliposema gia boksi ilikuwa ndani ya marudio, Coletha alisikia kitu kimoja tu: fundi amechukia kwa ajili ya fungu lake, ameuza gia boksi yangu kulipiza, sasa anataka mimi nionekane mjinga niliyejiuzia mali yangu mwenyewe. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alisimama mbele ya baraza la sungusungu akasema, "Marudio yalipakiwa mchana kweupe, mimi nimesimama pale pale. Kama kulikuwa na gia boksi ningeiona." Hakusema kwamba kijiko, ile mashine kubwa ya kupakia, kilizoa lundo zima kwa muda usiofika saa moja, na yeye muda mwingi alikuwa kivulini na mnunuzi. Mwigulu alimpigia simu mnunuzi, naye akasema hakuna chochote kilichoonekana. Kesi ikaisha hapo, na Coletha akanunua gia boksi nyingine na kutafuta fundi mwingine.

Masele alitengwa, yeye na mkewe Vumilia na watoto. Kutengwa huku si jambo la kuchezea. Hakuna anayekusalimu, na ukisalimu hakuna anayeitikia. Dukani huuziwi chumvi, kisimani wanawake wanaondoa ndoo zao mpaka uchote uondoke. Na atakayekuhurumia, hata kwa neno moja, anaingia naye kwenye adhabu ile ile.

Mwezi wa sita bibi Mageni alifariki. Kaburi lilichimbwa na Masele, na Vumilia, na kaka yake Vumilia aliyekuja kutoka Ushirombo. Watu watatu. Hapakuwa na turubai la matanga, hapakuwa na uji wa waombolezaji, hapakuwa na sauti ya kuimba. Coletha alisikia jembe likigonga udongo mkavu kutoka nyuma ya uzio wake, na alikaa ndani siku nzima bila kuwasha televisheni. Alikuwa amekula mlenda wa bibi yule mara nyingi. Alijiambia kwamba mwizi ndiye aliyemzika mama yake hivyo, si yeye.

Sasa gia boksi ilikuwa imeonekana, nchi nzima ikitazama.

"Kesi imekwisha kabisa," alisema Mwigulu, akigonga fimbo sakafuni. "Aliiuza skrepa Shinyanga, ikatupwa kwenye lundo, na Mungu akamleta yule kijana aifukue. Miezi minane tulimsubiri akiri. Jumamosi tunakaa uwanja wa mnada, tunashusha mabati yake, anahama. Wewe Mama Loveness nenda huko Ibadakuli, muulize mwenye yadi nani aliyeiuza. Ukirudi na jina, hapatakuwa na mtu wa kubisha."

Coletha alilala vizuri usiku ule, kuliko alivyolala kwa miezi mingi.

Jumatano alipanda gari la abiria, Noah, hadi Kahama, basi hadi Shinyanga, na bodaboda hadi Ibadakuli. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Kwa upande mmoja alikwenda kumaliza kesi, na kwa upande mwingine, tuseme ukweli, alikwenda kama muumini anayekwenda hija. Alipoona lile lundo kwa macho yake, mabodi ya magari, matangi, rimu, na ile kabini ya lori imelala kifudifudi vile vile, moyo ulimdunda.

Mwenye yadi aliitwa Nelly, mwanamke mnene aliyevaa ovaroli ya bluu na ndala, akila muhogo wa kuchoma juu ya mizani yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Nelly alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ni hapa walipofukua?"

Nelly alicheka mpaka muhogo ukamkwama. "Na wewe mama unaangalia kile kipindi? Karibu. Ni hapa walipofukia."

Coletha alidhani mwenzake amekosea kusema. "Walipofukua," alimsahihisha.

"Mama yangu, mtu akifukua kuna aliyefukia. Walikuja wiki mbili kabla, na orodha kwenye karatasi. Injini ya aina hii, ngoma ya ukubwa huu, gia boksi inayozunguka vizuri. Wakaniambia, dada, tutafutie. Nikawatafutia. Wakazijaribu zote pale kwenye kivuli, zikafanya kazi, ndipo wakachagua pa kuziweka. Hii kabini tuliisogeza kwa winchi ili kamera ipate mwanga."

"Yule kijana alilia," alisema Coletha. "Nilimwona analia."

"Alifukua mara tatu! Mara ya kwanza wakamwambia hajashangaa vya kutosha. Mara ya pili ndege ikatua, ikaharibu sauti. Mara ya tatu jua limemchoma, kucha zimechubuka, njaa inauma, ndiyo akalia. Hayo machozi hayakuwa ya gia boksi, mama. Nilimpa soda baadaye."

Coletha alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya rimu. Utamcheka, lakini jambo lile lilimuuma kwelikweli. Miaka minne ya Jumapili! Ugomvi wote ule na Loveness, na majirani, na padri mmoja. Aliona aibu mbele ya mtu asiyemjua, na akajifuta uso kwa ncha ya kitenge kipya.

Kisha akakumbuka kilichomleta. Wapange machozi watakavyo, gia boksi bado ilikuwa yake, na kuna mtu aliyeiuza.

"Ile gia boksi ni mali yangu," alisema. "Ina chapa ya baba yangu. Iliibwa. Nataka uniambie nani aliyekuletea. Ni mwanaume mrefu, mweusi, ana kovu la moto hapa mkononi?"

Nelly aliacha kucheka. Mtu wa skrepa akisikia neno kuibwa huwa anakaa sawa.

"Hapana," alisema. "Sikuinunua kwa mtu wa namna hiyo. Aliniletea dereva wa mtambo wa kuchenjulia marudio, upande wa Geita. Namjua, huniletea vyuma mara kwa mara. Walinunua marudio huko kwenu Segese, wakamwaga kwenye chekeche lao, chekeche likanasa. Msimamizi akasema wasiseme kwa mwenye marudio, wauze wanywe soda."

Coletha alimtazama. Alisikia maneno yote, moja moja, na hayakutaka kuingia.

"Lini?" aliuliza.

"Wiki ya Jumatano ya Majivu. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na jivu kwenye paji la uso, na dereva akanitania kwamba hata kanisani nimekwenda kununua skrepa."

Coletha aliuza marudio Jumatatu ya wiki ile ile.

"Ilikuwa imefungwa?" Sauti yake ilitoka ndogo.

"Kwenye turubai la bluu, na mpira wa tairi umezungushwa. Mama, tuliogopa! Kijana wangu alikataa kuikata, alisema humo ni mtoto mchanga wa mtu. Nikaikata mwenyewe. Mchanga wa kijivu tu, ndoo mbili nzima, na gia boksi katikati imepakwa grisi kama imelazwa na mama yake. Turubai nimelifunikia kuni zangu, lile pale."

Lilikuwa pale. Coletha alilisogelea taratibu na kulishika. Pembe moja ilikuwa na kiraka cha kitambaa cha maua, kimeshonwa kwa mkono, uzi mweusi. Kitambaa kile alikijua. Kilikuwa kipande cha gauni la bibi Mageni, lile alilovaa kila Jumapili.

Hakulia, kilio kingekuwa afadhali. Alishikilia turubai lile na kinywa chake kikabaki wazi, na kilichomjia hakikuwa sura ya Masele bali maneno yake. Niliifunga kwenye turubai, nikaifukia ndani ya marudio. Alisema vile mara ya kwanza, alisema vile mbele ya baraza, hakuongeza wala hakupunguza, na yeye Coletha alimcheka mbele za watu. Hapakuwa na mwizi. Gia boksi aliiuza yeye, kwa mikono yake, siku aliyokuwa akimwibia fundi wake fungu lake.

"Mama, unaumwa?" Nelly alimletea maji. "Nikuitie bodaboda?"

"Naomba hili turubai," alisema Coletha.

Ndani ya basi la kurudi alikuwa na turubai limekunjwa mapajani, na akili yake ilianza kutafuta mlango wa kutokea. Nani mwingine aliyejua? Nelly hakumjua mtu yeyote kule. Mwigulu alitaka jina tu. Angeweza kusema mwenye yadi hakumbuki. Angeweza kulitupa turubai dirishani, hapo hapo, na Jumamosi mabati ya Masele yangeshuka na mambo yangekwisha. Maana sheria ya baraza ilijulikana: anayemsingizia mwenzake wizi anapewa adhabu aliyomtakia. Karasha ingekosa viroba siku hiyo hiyo. Kisimani wangeondoa ndoo zao. Na siku akifa, Loveness angemchimbia kaburi na nani?

Hapo ndipo alipokwama. Kila alipojaribu kusogea mbele ya swali lile alikuta jembe linagonga udongo mkavu. Aliteremka Kahama, akalala kwa Loveness, hakumweleza chochote, na asubuhi akapanda Noah na turubai lake.

Jumamosi saa tisa uwanja wa mnada ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa duara, fimbo zao chini, wanawake upande wa pili. Katikati, peke yao chini, walikaa Masele na Vumilia. Masele alikuwa amekonda mpaka shati lilikaa kama si lake. Hakumtazama mtu.

"Mama Loveness amefika Ibadakuli," Mwigulu alitangaza. "Atuambie nani aliyeiuza ile gia boksi."

Coletha alisimama. Alikuwa amekalia kigoda alichobebewa na jirani yake.

"Niliiuza mimi," alisema.

Watu walidhani hawakusikia vizuri. Akarudia, na safari hii hakunyamaza. Alieleza yote: chekeche, dereva, Jumatano ya Majivu, kijiko kilichozoa lundo na yeye hatazami. Alieleza na fungu la Masele, kwamba aliuza upesi ili asimpe. Alieleza kwamba kile kipindi ni cha kupangwa, vitu vyote hufukiwa na watu wa televisheni wenyewe. Kisha akalikunjua turubai na kulitandaza chini, kiraka cha maua juu.

Vumilia aliona kiraka kile. Alitoa sauti moja tu, akafunika mdomo.

Coletha alisubiri hasira. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa fimbo, hata kwa kutemewa mate. Badala yake, mtu mmoja akacheka.

"Kamanda," alisema mzee mmoja wa mbele, "si amesema mwenyewe wale watu wanapanga mambo? Wamepanga gia boksi, wamepanga na kulia. Basi na huyo mama wa skrepa naye kapangwa. Masele ana shemeji Ushirombo, atashindwaje kumpa mtu soda?"

Kicheko kikaenea, na kilikuwa kicheko cha watu waliopata nafuu. Coletha aligeuka huku na huku. Aliona nyuso anazozijua tangu alipoolewa, na zote zilikuwa zinamkataa.

"Turubai hili ni la bibi Mageni!" alipaza sauti. "Tazameni kiraka! Mmemwona na gauni hili kanisani!"

"Maturubai ya bluu yapo kila nyumba," alisema Mwigulu bila kulitazama.

Ndipo mwanamke mmoja aliposimama upande wa wanawake, jirani wa kisimani, mwimbaji wa kwaya. "Wewe Mama Loveness, nyamaza! Ukisema huyu hakuiba, unatuambia nini sisi? Kwamba tulimwacha Mageni azikwe na watu watatu, kama mzoga, kwa kosa la nani? Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimemwona akibebwa! Nilirudi ndani kwa sababu ulisema ni mwizi! Usituletee hayo leo. Kaa chini."

Wanaume walitazama fimbo zao. Coletha alielewa, na kuelewa kule kulimshtua kuliko turubai la Ibadakuli. Walikuwa wamemwamini. Walimwamini tangu alipotaja chekeche. Lakini hawakuwa tayari kuwa watu waliofanya jambo lile, na ilikuwa rahisi zaidi Masele aendelee kuwa mwizi.

Mwigulu alisafisha koo. "Baraza halibadili uamuzi kwa maneno ya televisheni," alisema kwa sauti ya chini. "Mabati yatashuka Jumatatu. Kikao kimefungwa."

Masele alisimama. Aliinama, akaliokota turubai, akalikung'uta vumbi, akalikunja mara nne akiangalia kiraka kibaki ndani. Akampa mkewe. Watu wakaanza kujikusanya kuondoka.

Coletha aliacha kigoda akaingia katikati ya duara. Mtu alimwita kwa jina, mwingine akamshika kanga, akajichomoa. Alisimama mbele ya fundi wake wa miaka tisa, kijana wa kumzaa, aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Yeye mkubwa ndiye aliyeanza kusalimu.

"Mwadila, Masele," alisema, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima.

Watu walishtuka mpaka watoto wakanyamaza. Amemsalimu! Mtu aliyetengwa, mbele ya baraza, mchana!

"Mama Loveness," alisema Mwigulu, na safari hii aliogopa kweli, "unajua ulichofanya? Unajua kesho inakuwaje kwako?"

"Najua," alisema Coletha. Hakugeuka. Alikuwa anasubiri kuitikiwa.

Masele alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, usoni, kama alivyokuwa akitazama mashine inayotoa mlio asioujua. Midomo yake ilisogea kidogo, na Coletha akainama mbele ili asikie.

"Twende," Masele alimwambia mkewe. "Tukafunge vyombo."

Wakapita pembeni yake, mmoja kulia, mwingine kushoto, Vumilia amelikumbatia turubai kifuani.

"Mwadila, Vumilia," Coletha alisema, na sauti ikamkatika.

Vumilia hakusimama. Nyuma, jirani yake alikuwa ameokota kigoda, maana kilikuwa chake, akapita nacho akitazama chini. Wakapita na wengine, mmoja mmoja, waliokunywa chai yake Jumapili, kila mmoja akimzunguka bila kumgusa. Coletha alibaki amesimama katikati ya uwanja wa mnada, akigeuka kwa huyu na kwa yule, na hakuna aliyemwitikia.